Karatasi Yote Kijani, Tairi Limekwisha kwa Ndani

Tairi la mbele la gari la spoti haliishi upande unaouona. Ukisimama pembeni ya gari unaona ukuta wa tairi na bega la nje, na hapo mambo huwa mazuri: meno yamesimama, mifereji ina kina cha kutosha. Ugonjwa uko upande wa pili, nyuma ya rimu pana na kalipa ya breki, na gari lenyewe liko chini kiasi kwamba hata ukichuchumaa huoni kitu. Niliugundua siku nilipokata usukani hadi mwisho nikiegesha mahali finyu. Nilishuka kuangalia kama nimegusa ukingo, nikakuta ukanda wa upana wa vidole viwili kwa ndani ni kipara kabisa, na pembeni yake waya zimeanza kuchomoza. Nje ya ukanda huo tairi lilikuwa bado na milimita 5 za meno. Tairi jipya la aina ile lina kama milimita 8, na nchi nyingi zinakutaka ulitoe likifika 1.6, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uhai wake ilikuwa bado ipo, ila upande usionisaidia kitu.

Kilichonitisha zaidi ya bei ni kwamba siku chache kabla ya hapo nilikuwa nimetoka safari ndefu ya barabara kuu, mvua inanyesha, mwendo si haba, nikiwa juu ya waya hizo. Na gari halikuwa limeniambia lolote. Lilikwenda mstari ulionyooka, usukani umetulia, hakuna mtetemo. Kulikuwa na mvumo tu kutoka mbele, unaopanda kadiri mwendo unavyopanda. Mvumo huo nilikuwa nimeupeleka kwa fundi mapema, nikaambiwa beringi ya mbele inaanza kufa. Ilifunguliwa, ikakutwa nzima, ikarudishwa.

Gari lenyewe ni la milango miwili, injini mbele, nguvu nyuma. Lina umri wake. Mwenyewe aliyenitangulia alilishusha kidogo kwa springi fupi, na matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele. Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kwenye gari la kawaida unaweza kuzungusha matairi mbele kwenda nyuma, ulaji ukagawanyika na wewe usijue kama kuna tatizo. Mimi sikuwa na njia hiyo. Ya mbele yanabaki mbele mpaka yanakufa.

Kwenye gereji ya kwanza kazi ilikwenda haraka. Matairi mawili mapya, balansi, gari likapandishwa kwenye mashine ya alaimenti, yaani ya kupima pembe za magurudumu, vifaa vya kupimia vikafungwa kwenye magurudumu manne, tairodi (vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu) zikazungushwa kidogo, karatasi ikatoka. Karatasi yenyewe inapendeza: safu ya vipimo vya awali yenye wekundu mahali pawili, safu ya vipimo vya baada ya kazi, yote kijani, yaani ndani ya kiwango cha kiwanda. Nililipa nikiwa nimeridhika. Niliendesha kurudi nikihisi usukani uko katikati kabisa, na nikaiweka ile karatasi kwenye droo ya gari.

Miezi kadhaa baadaye mvumo ukarudi.

Safari hii sikusubiri kukata usukani. Niliingiza mkono nyuma ya tairi na kupitisha kiganja juu ya meno, kutoka nje kwenda ndani, kisha kutoka ndani kwenda nje. Upande mmoja mkono unateleza, upande mwingine unakwaruzwa na kingo kali, kila jino limechongwa kama msumeno. Jaribu kwenye gari lako kabla hujamaliza kusoma, haichukui dakika. Kama kiganja kinahisi tofauti kati ya kwenda na kurudi, tairi linaburuzwa kwa ubavu. Kingo hizo ndizo zilizokuwa zikivuma, na sauti yake inafanana mno na ya beringi mbovu. Njia rahisi ya kutofautisha ni kuliyumbisha gari taratibu kushoto na kulia kwenye barabara tupu: beringi mbovu kwa kawaida hubadilisha sauti uzito unapohamia upande wake au kuuacha, mvumo wa tairi mara nyingi unaendelea vilevile, lakini hubadilika ukipita kutoka lami laini kwenda lami chakavu.

Sasa nikawa na matairi karibu mapya yanayoliwa kwa ndani na karatasi inayosema kila kitu ni kijani. Hasira ilikuwepo, sitaficha. Nilirudi pale pale, gari likapimwa tena mbele yangu, na namba zikatoka zilezile. Kijani. Fundi hakuwa mwongo. Aliniambia labda ni uendeshaji wangu, nikate kona taratibu.

Hapo nililazimika kuzielewa namba zenyewe badala ya kutazama rangi zake.

Kuna pembe tatu zinazohusika mbele. Kemba ni jinsi gurudumu linavyolala ukilitazama kutoka mbele ya gari: likilalia ndani kwa juu, kemba ni hasi. Gari la spoti huwa na kemba hasi kwa makusudi, maana kwenye kona mwili wa gari unalala kwa nje na tairi linanyooka, linakanyaga kwa upana wake wote. Kasta ni jinsi mhimili wa usukani, ule ambao gurudumu la mbele huugeukia, unavyoegemea nyuma ukiutazama kutoka pembeni. Ndiyo inayofanya usukani urudi wenyewe katikati baada ya kona, na yenyewe haili tairi kwa kiasi cha kukusumbua. Ya tatu ni tou, yaani kama ncha za mbele za matairi zimeelekeana au zimeachana ukiyatazama kutoka juu. Zikielekeana, unaita tou ya ndani, zikiachana, tou ya nje.

Watu wengi wakiona tairi limeisha kwa ndani wanalaumu kemba. Mimi pia niliambiwa, na nilishawishika, kwa sababu gari lilikuwa limeshushwa na kulishusha gari huongeza kemba hasi. Lakini kemba ya digrii moja na nusu peke yake hula taratibu sana, na hula kwa mteremko: ndani zaidi, katikati kidogo, nje kidogo zaidi. Haikupi ukanda wa kipara wenye mpaka. Na haichongi msumeno. Msumeno ni kazi ya tou.

Hesabu yake ni fupi na inashtua. Digrii moja ina dakika 60. Chukua tairi moja lililogeuka kwa dakika 20 tu kutoka njia ya gari, theluthi ya digrii. Kwenye rimu ya inchi 17 hiyo ni tofauti ya milimita mbili na nusu kati ya ukingo wa mbele na wa nyuma wa rimu, kitu ambacho jicho haliwezi kukiona. Lakini kila kilomita moja unayokwenda, tairi hilo linakokotwa kwa ubavu karibu mita 6. Zidisha kwa kilomita elfu kumi na unapata karibu kilomita 60 za kusugua lami kama kifutio. Tou ikiwa ya nje, bega la ndani ndilo linaloburuzwa, na kama kuna kemba hasi, bega hilohilo ndilo lililobeba uzito. Kemba inachagua pa kula, tou inakula.

Ila karatasi ilisema tou yangu ni karibu sifuri. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinaifungua tou gari likiwa barabarani na kuifunga gari likisimama.

Kabla ya kufika huko nilipoteza muda kwenye njia mbili za pembeni. Moja ilikuwa upepo. Nilinunua geji yangu mwenyewe, nikapima asubuhi matairi yakiwa baridi, na yalikuwa na upepo mdogo kuliko kibandiko cha mlangoni kinavyotaka. Nikarekebisha. Upepo mdogo hata hivyo hula mabega yote mawili, upepo mwingi hula katikati. Hakuna upepo unaokula bega la ndani tu. Njia ya pili ilikuwa ule mruko wa matairi ya mbele ninapokata usukani wote kwenye kuegesha, hasa kukiwa na baridi, tairi linashika na kuachia, linashika na kuachia. Inaudhi kuisikia na ni rahisi kuamini kwamba ndiyo inayomaliza matairi. Maelezo yake ni ya zamani kuliko magari yenyewe. Kwenye kona gurudumu la ndani linapaswa kukata zaidi kuliko la nje kwa sababu linazunguka duara dogo, jambo ambalo Rudolph Ackermann aliliwekea hataza London mwaka 1818 kwa ajili ya magari ya farasi, ubunifu wenyewe ukiwa wa Georg Lankensperger wa Munich. Magari mengi ya spoti hayaifuati jiometri hiyo kikamilifu, kwa ajili ya kona za mwendo kasi, na malipo yake ni huo mruko kwenye mwendo wa kutambaa. Mita chache za kuegesha kila siku haziwezi kufikisha tairi kwenye waya.

Fundi wa pili nilimpata kwa kuulizia watu wanaoendesha magari ya mbio. Ni mtu mzima, hasemi sana. Nilimpa karatasi yangu ya kijani, akaiweka kando bila kuisoma, akaingiza mkono nyuma ya tairi kama nilivyofanya mimi. Kisha akauliza upepo uko kiasi gani, springi ni za lini, na bushi za mikono ya chini, yaani viungo vya mpira vya vyuma vinavyoshikilia gurudumu kwenye fremu, ziliguswa lini. La mwisho sikuwa na jibu.

"Kabla sijaona chini, mashine siwashi," alisema.

Gari likaenda juu. Alishika gurudumu kwa juu na chini akalitikisa, akitafuta mchezo kwenye boljointi (kiungo cha duara kinachoruhusu gurudumu kugeuka) na beringi. Hakuna. Akalishika kushoto na kulia, akitafuta tairodi. Hakuna. Hapo ndipo wengi wanaposhusha gari na kusema ni zima. Yeye alichukua mtaimbo mfupi, akauingiza kati ya mkono wa chini na fremu, kwenye bushi ya nyuma, akaubinya kidogo. Mkono mzima ukasogea. Mpira wa bushi ulikuwa umeachana na chuma chake karibu nusu ya mzunguko, na akiubinya panafunguka ufa ambao ncha ya kidole inaingia. Akiachia, unafunga, na ukiutazama huoni kitu zaidi ya mpira mkuukuu wenye vumbi.

Kisha akafanya jambo ambalo lingeniokolea seti nzima ya matairi kama lingefanywa mwanzo. Alilishusha gari kwenye mashine, akafunga vipimo, akanionyesha kioo cha mashine: tou ya kushoto karibu sifuri, kijani. Akapiga magoti mbele ya tairi, akasukuma ukingo wake wa mbele kwa nje kwa mikono miwili, nguvu ya mtu tu. Namba ikaruka hadi kwenye wekundu. Akaachia, ikarudi kijani.

"Kaka, gari likisimama halina tatizo," alisema. "Sasa wewe unaliendesha likiwa limesimama?"

Kinachotokea barabarani ni hiki. Kila ukikanyaga breki, lami inalisukuma gurudumu kurudi nyuma. Mkono wa chini wa gari langu una bushi mbili: ya mbele ngumu, na ya nyuma kubwa na laini inayopokea msukumo huo. Ile ya nyuma ikiachia, mkono unazunguka kidogo kwenye ile ya mbele, na tairi linafunguka kwa nje. Breki ni nyingi kwa siku, na wakati wa breki uzito wa gari uko mbele, kwa hiyo ule uburuzaji unafanyika wakati mbaya kuliko wote. Hata bila breki, msuguano wa kawaida wa barabara unatosha kulifungua tairi kidogo muda wote. Mashine ya alaimenti haina makosa hapo. Inapima gari lililotulia juu ya sahani zinazoteleza, hakuna anayelisukuma. Karatasi ilisema ukweli kuhusu gari lililosimama.

Kwa hiyo neno langu kwa yeyote anayepeleka gari lake alaimenti: ukiona fundi anafunga vipimo kabla hajalitikisa gurudumu wala kutia mtaimbo kwenye bushi, msimamishe. Alaimenti juu ya bushi zilizokufa ni namba za kupita. Si lazima uwe mtaalamu, omba tu uonyeshwe bushi zikibinywa, na omba mtu asukume tairi wakati namba ziko kwenye kioo. Fundi mzuri hakasiriki.

Matengenezo yakawa makubwa kuliko nilivyotegemea, na si kwa sababu ya bushi. Tuliamua kubadilisha mikono yote miwili ya chini mizima, na bushi na boljointi zake, kwa sababu upande wa kulia nao ulikuwa njiani kuachia, na kushindilia bushi mpya kwenye mkono wa zamani kunahitaji presi na kazi ambayo bei yake ilikaribia mkono mpya. Lakini mikono hiyo imeshikwa na bolti za kurekebishia, zile zenye kichwa cha duara kisicho katikati, unaizungusha na mkono unasogea ndani au nje. Hizo ndizo zinazokupa uwezo wa kurekebisha kemba na kasta. Zangu zilikuwa zimeoteana kutu na chuma cha ndani cha bushi kwa miaka. Hazikuzunguka kwa spana ndefu, hazikuzunguka kwa moto. Zilikatwa kwa msumeno wa umeme, moja baada ya nyingine, na kazi ya nusu siku ikawa ya siku mbili, gari likiwa limefunguliwa mbele na sina bolti mpya mkononi. Agiza bolti, nati na washa zake kabla hujaruhusu mtu kugusa kitu. Na zikifungwa, zipakwe grisi ya kuzuia kutu, upate kuzizungusha tena miaka ijayo.

Bolti hizo pia zilieleza kitu kingine. Karatasi ya kwanza, nilipoisoma kwa macho mapya, ilikuwa na kemba ya digrii 2 na dakika 5 hasi kushoto, na digrii 1 na dakika 25 hasi kulia. Zote kijani, kwa sababu kiwango cha kiwanda ni kipana: kinaruhusu dakika 45 kila upande wa namba ya katikati. Lakini upande mmoja ulikuwa karibu na mwisho wa kiwango na mwingine katikati yake. Gereji ya kwanza haikugusa kemba kwa sababu haikuweza. Bolti zilikuwa zimeganda. Walirekebisha tou peke yake, ndiyo inayowezekana kwa dakika kumi za saa, na hawakusema. Siku hizi nikipewa karatasi naangalia tofauti ya kushoto na kulia kabla ya kuangalia rangi. Pia nasoma safu ya kabla na safu ya baada: kama kemba na kasta ni zilezile hadi dakika ya mwisho ya pembe, hakuna aliyezigusa.

Kuna jambo moja la ufungaji ambalo ningependa lisisitizwe kwenye kila gereji. Bushi za mpira hazitelezi kwenye bolti, zinajisokota. Ukizikaza gari likiwa juu, magurudumu yananing'inia, mpira unakuwa umetulia kwenye pembe hiyo ya kuning'inia. Ukilishusha gari, mpira umeshasokotwa kabla hata hujaenda popote, na unaishi hivyo maisha yake yote, mafupi. Bolti zinakazwa kwa nguvu ya mwisho gari likiwa limebeba uzito wake kwenye magurudumu, kwenye kimo chake cha kawaida. Fundi wangu alidhani bushi zangu za zamani zilikufa hivyo, siku zile springi fupi zilipowekwa bila mtu kulegeza bolti za mikono na kuzikaza upya kwenye kimo kipya. Inaingia akilini.

Alaimenti ya pili haikufanana na ya kwanza. Upepo ulipimwa kwanza, magurudumu yote manne. Tangi la mafuta nusu. Akaweka mifuko ya mchanga kwenye kiti cha dereva, karibu na uzito wangu, kwa sababu gari jepesi lenye sasipensheni fupi hubadilisha vipimo dereva anapokaa, na baadhi ya watengenezaji huelekeza uzito huo kwenye vitabu vyao. Gari likasukumwa mbele na nyuma kidogo ili mashine ijue kama rimu zina mpindo. Kisha akaanza nyuma. Hili watu hulisahau: ekseli ya nyuma ndiyo inayoamua gari linaelekea wapi. Tou za nyuma zisipolingana, gari linasukumwa kwa mshazari, dereva anashikilia usukani umepinda kidogo kulirudisha, na mtu anakuja kunyoosha usukani bila kugusa chanzo. Nyuma ikakaa sawa, ndipo akaja mbele: kasta, kemba, na tou mwisho kabisa, usukani umefungwa katikati kwa kibano, kwa sababu kila ukigusa kemba, tou inahama.

Aliniuliza naliendeshea wapi. Kama ningekuwa naenda kwenye viwanja vya mbio, angeacha kemba hasi ya kutosha, hata zaidi ya digrii 2, kwani huko tatizo hugeuka: gari lenye kemba ndogo likikata kona kwa nguvu hula bega la nje. Mimi naendesha barabarani, mara chache kwenye kona za milimani. Tukaishia digrii 1 na dakika 20 hasi pande zote mbili, kasta zimelingana, na tou ya ndani ya dakika 8 kwa jumla, dakika 4 kila upande. Hiyo tou ndogo ya ndani ina sababu: gari likitembea, bushi hata zikiwa mpya hujiminya kidogo na matairi hufunguka, kwa hiyo unaanzia ndani ili barabarani ufike karibu na sifuri.

Gari lilipotoka lilikuwa linavuta kulia. Kidogo, lakini baada ya yote hayo nilikuwa karibu kutoa machozi. Fundi hakurudi kwenye mashine. Alibadilishana matairi ya mbele, la kushoto likaenda kulia na la kulia kushoto, akaniambia nizunguke. Sasa likavuta kushoto. Maana yake vipimo ni sawa na mvuto uko kwenye tairi lenyewe: moja lilikuwa limeshaliwa umbo lake likawa na mwelekeo wa kupinda. Kama baada ya kubadilishana mvuto ungebaki upande uleule, ndipo ungetafuta kemba, kasta au breki inayoshika. Jaribio hilo ni la dakika chache na halihitaji kifaa zaidi ya jeki na spana, ila angalia kwanza ubavuni: matairi yenye mshale wa mzunguko huwezi kuyabadilisha upande bila kuyatoa kwenye rimu.

Kuhusu gharama, mikono miwili, bolti zake na kazi vilifika karibu bei ya seti ya matairi ya mbele. Juu yake weka matairi mawili yaliyoenda kabla ya wakati wake, alaimenti ya kwanza, na ile kazi ya kufungua beringi isiyo na kosa. Laiti mtaimbo ungeingia mwanzo, ningelipia mikono na matairi mara moja, basi.

Tangu hapo napima mwenyewe. Kila mwezi napima kina cha meno mahali patatu, ndani, katikati na nje, kwa kigezo kidogo cha plastiki, nikiwa nimekata usukani ili nifike ndani, na naandika. Pengo la milimita moja kati ya ndani na nje likitokea mapema, natafuta mtaimbo. Tou naiangalia kwa uzi: sakafu tambarare, stendi nne, nyuzi mbili zimevutwa pembeni mwa gari kwa urefu wake wote katika kimo cha katikati ya magurudumu. Nyuzi hizo lazima ziwe sambamba na mstari wa katikati wa gari, zisifuate tu matairi, maana upana wa ekseli ya mbele na ya nyuma kwa kawaida si sawa. Baada ya hapo unapima kwa rula kutoka kwenye uzi hadi ukingo wa mbele wa rimu, na hadi ukingo wa nyuma, unatoa. Kama ulikuwa umelipiga jeki, lisukume mita kadhaa kwanza, la sivyo magurudumu yanakuwa yamebanana na utapima uongo. Usahihi wake haufiki wa mashine, lakini milimita mbili na nusu zile zinaonekana bila shida.

Matairi niliyonayo sasa bado yanaisha kwa ndani kidogo kuliko nje, kama nusu milimita, na nimekubali, ni bei ya kemba niliyoichagua. Ni ya aina yenye upande wa nje ulioandikwa ubavuni, kwa hiyo hayawezi kugeuzwa kwenye rimu ili bega la ndani likae nje. Seti ijayo nafikiria kuchukua yenye mshale wa mzunguko: hayo, ukiyatoa kwenye rimu, la kushoto ukalifunga kwenye rimu ya kulia na mshale ukabaki unaelekea mbele, bega lililokuwa ndani linakaa nje. Utalipia kuyatoa, kuyafunga na balansi mara moja katikati ya maisha yake, na kwa gari lisiloweza kuzungusha matairi mbele na nyuma, nadhani inalipa.